Kona! Mhudumu wa treni anayejifunza kutembea kwenye sakafu isiyotikisika

Saa moja asubuhi. Treni mpya ya umeme inaondoka stesheni polepole, kama mama anayetoka chumba alimolala mtoto.

Ndani ya behewa la chakula, mwanamume mwenye nywele zilizoanza kuwa nyeupe amebeba trei yenye vikombe vinne vya chai. Shati lake limepigwa pasi hadi mikono yake imesimama. Anatembea miguu imeachana kidogo, kama mtu anayejiandaa kuruka mtaro.

Nje ya dirisha linapita tenki kuukuu la chuma, lile lililokuwa likizinywesha maji injini za mvuke. Analiona. Papo hapo bega lake la kushoto linashuka, goti la kulia linakunjika, na trei inafuata mwili.

Treni haitikisiki hata kidogo. Chai yote inaishia kwenye zulia.

"Konaaa!" wanaitikia kwa pamoja vijana sita waliokaa meza za nyuma, wakicheka huku wakipiga meza kwa viganja.

"Chekeni tu," anawajibu, tayari amepiga magoti na kitambaa mkononi. "Kona ilikuwepo hapa. Sijui mmeipeleka wapi."

Kona ndilo jina lake humu ndani, na ndilo jina lake mtaani. Hata mkwewe humwita Mzee Kona. Ana miaka hamsini na saba, na karibu nusu ya miaka hiyo ameipitisha akibeba trei kwenye treni ya zamani. Sasa yuko kwenye mafunzo ya wiki mbili pamoja na vijana ambao hakuna hata mmoja aliyefikia umri wa kitindamimba wake.

Ijumaa treni itapakia abiria wa majaribio. Msimamizi wa mafunzo, mwanamke wa miaka thelathini hivi asiyependa maneno mengi, amewaambia wazi: atakayemmwagia abiria hatapewa sare. Leo ni Jumanne, na tangu Jumatatu iliyopita Kona amemwaga kila siku.

"Vijana wanamwaga kwa sababu hawajui," anasema akikamua kitambaa. "Mimi namwaga kwa sababu najua. Hiyo ndiyo shida yangu."

*

Ili kumwelewa Kona inabidi kuielewa treni aliyokulia.

Reli ya zamani ilijengwa na wageni, wakati nchi ikiwa mikononi mwao, ili kusafirisha mazao na madini hadi bandarini. Haikujengwa kwa haraka ya abiria. Palipokuwa na kilima, reli ilikizunguka. Palipokuwa na bonde, ililiambaa mpaka ikapata mahali pembamba pa kuvuka. Matokeo yake yalikuwa njia iliyojipinda mwanzo hadi mwisho.

Baba yake Kona alikuwa mwosha vyombo kwenye behewa la chakula enzi za injini za mvuke. Jiko lilikuwa la makaa, na maji ya kuoshea yalichotwa kwenye tenki lile lile lililonywesha injini. Mlangoni mwa behewa palikuwa na kibao kilichosema nani anaruhusiwa kuingia. Waliofanana na baba yake waliruhusiwa kuingia kwa mlango wa jikoni tu.

"Mzee alikuwa akituambia aliijua sakafu ya lile behewa kuliko sakafu ya nyumba yake, lakini viti vyake hakuwahi kuvijua," anasimulia Kona.

Nchi ilipojitawala, reli ikawa mali ya taifa. Kibao kiling'olewa kwa bisibisi asubuhi moja, kabla treni haijaondoka, na matundu manne ya skrubu yakabaki mlangoni. Siku hiyo abiria wa kwanza wa daraja la tatu aliyeingia alikuwa bibi mmoja aliyevua viatu mlangoni. Aliagiza chai. Akaketi dirishani, akanywa kidogo kidogo, na hakuinuka tena hadi mwisho wa safari.

"Mhudumu mkuu alitaka kumwambia apishe wengine," anasema Kona. "Baba akamwambia, 'Mwache. Amechelewa kuingia, acha achelewe kutoka.'"

Kwa baba yake hiyo ndiyo ilikuwa siku kuu ya maisha. Aliisimulia kila watoto walipokosa hadithi ya kulalia, na kila aliposimulia safari ya yule bibi ilizidi kuwa ndefu.

*

Kona aliingia kazini akiwa na miaka kumi na tisa. Injini za mvuke zilikuwa zimeshastaafishwa na za dizeli zimeshika kazi. Shirika lilikuwa katika miaka yake ya neema. Vitambaa vya meza vilikuwa vyeupe, vikombe vilikuwa na nembo ya gurudumu lenye mabawa, na kijana akivaa sare ya reli mabinti mtaani walipunguza mwendo.

"Hata mimi nilipunguza," anakiri mke wake, ambaye ni msusi. "Baadaye nikagundua ile sare ni ya shirika, ya kwake ni soksi tu."

Kwenye behewa alikabidhiwa kwa mpishi mmoja mfupi, mnene, mwenye sauti ya kuamsha mtaa, aliyeitwa Robo. Jina hilo lilitokana na somo lake la kwanza kwa kila mhudumu mpya.

"Kikombe hujazwa robo tatu," Robo alimwambia siku ya kwanza. "Robo inayobaki ni ya dereva. Akikata kona, anachukua haki yake. Ukimjazia abiria mpaka juu, dereva atachukua haki yake kwenye suruali ya abiria."

Somo la pili lilikuwa dirisha. Mhudumu hakutazama trei, wala meza, wala abiria. Alitazama nje. Kila kona ya njia ile ilikuwa na alama yake: tenki la maji, kilima chenye kichwa kipara, daraja la mawe, ghala lenye paa lililobonyea. Ukiona tenki, unalala kushoto. Ukiona kilima kipara, unalala kulia na kuhesabu pumzi mbili, maana kona ile ilikuwa na tabia ya kurudi.

Na mhudumu aliyeona alama ilimpasa awaarifu wenzake na abiria. Alipaza sauti neno moja tu: "Kona!"

Kwa wale waliozoea treni hiyo, neno hilo lilifanya kazi kama breki. Behewa zima lilinyanyua vikombe. Hakuna aliyetazama, na wengi hawakukatiza hata mazungumzo. Treni ililala upande, vijiko vikaserereka, treni ikanyooka, vikombe vikarudi mezani.

"Mtu angeweza kuwa katikati ya kugombana na mkewe," anasema Kona, macho yakimcheka. "Akisikia 'Kona!' ananyanyua kikombe, mke naye ananyanyua chake, wanangoja. Ikipita, wanaviweka chini na kuendelea na ugomvi pale pale walipoachia."

Sauti ya Kona ilikuwa kali kuliko za wenzake wote. Ndipo jina likamganda.

*

Miaka ya neema haikudumu. Vipuri vya injini vikawa adimu, na injini moja ikaanza kufunguliwa ili nyingine itembee. Mvua kubwa zikabeba tuta la reli, na matengenezo yakafanywa kwa mawe na matumaini. Watu wakaanza kung'oa vyuma vya reli na kuviuza kama chakavu. Treni iliyokuwa ikifika asubuhi ikawa inafika jioni, kisha ikawa inafika kesho yake.

Kona na Robo waliendelea. Nyama ilipokosekana jikoni, Robo alinunua mayai dirishani treni iliposimama. Mayai yalipokosekana, alinunua viazi. Safari moja treni ilikwama siku mbili mbele ya daraja lililokatika, na Robo akatangaza kwamba kuanzia dakika ile hakuna daraja la kwanza wala la tatu, kuna wenye njaa tu. Abiria walileta walichonacho, akakitia kwenye masufuria makubwa mawili.

"Supu ile mpaka leo sijui ilikuwa ya nini," anasema Kona. "Mtu mmoja alitoa kabichi, mwingine samaki mkavu, mmoja akatoa biskuti za mtoto. Robo akaonja, akasema, 'Hii ndiyo nchi yetu yote kwenye kijiko.' Watu walicheka, halafu wakarudia sahani."

Kisha siku moja treni ikafika stesheni kama kawaida. Wahudumu wakaosha vikombe kama kawaida, wakavipanga vichwa chini vikauke, wavikute Alhamisi. Alhamisi walikuta mlango wa stesheni umefungwa kwa mnyororo. Waliambiwa safari zimesimamishwa kwa muda.

Muda huo uligeuka miaka kumi na moja.

Kwa miezi ya mwanzo Kona alipiga pasi sare yake kila Jumatano. Mke wake alimwekea makaa kwenye pasi.

Baadaye akatafuta kazi nyingine. Alichukuliwa kwenye ukumbi mmoja wa sherehe, na hapo ndipo alipogundua ugonjwa wake. Sakafu ya ukumbi haikutikisika, lakini miguu yake iliendelea kuingoja itikisike. Alitembea akipepesuka kati ya meza. Siku ya harusi ya kwanza alimwagia supu mshenga.

"Mwenye ukumbi akaninusa mdomo," anasimulia. "Akasema, 'Mzee, hunuki pombe, kwa hiyo sijui nikufukuze kwa kosa gani.' Lakini alinifukuza."

Tangu hapo aliuza chai ya chupa kwenye nyumba za zamani za shirika, chupa mbili asubuhi na mbili jioni. Hela iliyopatikana ilitosha sukari, majani na sabuni. Mengine yote, karo ya watoto ikiwemo, yalitoka kwenye vidole vya mke wake.

Robo alifariki mwaka mmoja kabla nguzo za umeme za reli mpya hazijaanza kusimikwa. Kifua kilimsumbua muda mrefu, na aliondoka kimya, yeye ambaye hakuwahi kufanya jambo lolote kimya. Kona anapomtaja huacha anachofanya. Kama ana kitambaa mkononi, hukikunja vizuri kwanza.

"Nilipoitwa kwenye haya mafunzo, nilivaa viatu nikaenda kumwambia Robo," anasema. "Nilifika mpaka mlangoni kwake ndipo nikakumbuka."

Mjane wa Robo alimfungulia. Hakumuuliza amefuata nini. Alimkaribisha, akateleka chai, akammiminia kikombe. Robo tatu.

*

Jumatano jioni, nyumbani kwa Kona. Ni nyumba ya vyumba viwili katika safu ya nyumba za shirika, zote za matofali mekundu, zote zikitazama njia ya reli iliyoota majani. Kwenye ukumbi mwembamba wa katikati, Kona anatembea na trei yenye vikombe vya maji. Anaenda hadi mlango wa nyuma, anageuka, anarudi. Sakafu imelowa.

Mlangoni, kwenye mwanga, mke wake anamsuka jirani. Jirani amekaa kwenye mkeka, kichwa kimebanwa katikati ya magoti ya msusi, hawezi kugeuka kutazama. Anasikiliza tu.

"Amemwaga tena?" anauliza jirani.

"Hajamwaga," anajibu mke. "Amenyunyizia. Anataka niote."

"Mama watoto, nisaidie badala ya kunisema," anasema Kona.

"Nikusaidieje? Nikushike mkono kama mtoto anayeanza kusimama? Wajukuu zako walitembea kwa wiki tatu, wewe wiki ya pili hii."

"Mwambie abane miguu," jirani anashauri kutoka chini.

"Nikibana nitaanguka."

"Uanguke wapi, shemeji? Nyumba imesimama!"

Wote watatu wanacheka, na jirani anapigwa kitana begani ili atulie. Kona anajaribu kubana miguu. Anapiga hatua nne nzuri. Ya tano, kwa mbali, lori la mizigo linapita barabarani na kioo cha dirisha kinatetema. Bega la Kona linashuka lenyewe. Kikombe kimoja kinaruka na kutua mgongoni kwa jirani.

"Yesu na Maria!" jirani anapiga ukelele.

"Basi leo utasukwa bure," mke anamwambia jirani, akimpangusa kwa khanga. "Na wewe, baba watoto, weka hiyo trei chini. Njoo ukae."

Anakaa. Mke wake anamaliza msuko mmoja na kuufunga ncha.

"Ukikosa utauza chai," anamwambia hatimaye. "Hatutakufa. Hatukufa mwanzo."

"Najua hatutakufa."

"Sasa unahangaika nini?"

Kona anakitazama kidole gumba chake, kile kilichoota sugu kwa ukingo wa trei. "Nataka kufanya kazi ninayoijua," anasema. "Chai ya chupa ni ya watu waliosimama. Mimi nimeoa msusi wa watu waliokaa, mimi mwenyewe ni wa watu wanaokwenda."

Mke anageuza macho kwa jirani. "Umesikia? Miaka thelathini na mbili nimekaa na abiria."

*

Alhamisi, siku moja kabla ya jaribio, msimamizi wa mafunzo anawaacha vijana na kumfuata Kona peke yake. Anamwambia abebe trei tupu na atembee. Yeye anatembea kinyumenyume mbele yake, mikono nyuma, akimtazama usoni.

Treni inapita tenki la maji. Kona analala kushoto.

"Umeona nini?" anauliza msimamizi.

"Sijaona kitu."

"Umeona, mzee. Macho yamekwenda dirishani kabla ya bega. Nimekuangalia wiki nzima nikidhani ni miguu. Kumbe ni macho."

Reli mpya imejengwa kandokando ya ile ya zamani kwa sehemu kubwa ya njia. Palipokuwa na kilima cha kuzunguka, mpya imekipasua katikati. Palipokuwa na bonde, imesimama juu ya nguzo. Kona zimekwisha, lakini alama zake zote bado ziko pale pale, zinapita dirishani moja baada ya nyingine.

"Kwa hiyo nifanyeje, mkuu? Nifumbe macho?"

"Utazame watu."

Kona anasimama. "Watu gani?"

"Abiria. Unayemhudumia. Mtazame usoni mpaka umalize kumhudumia."

Anaeleza baadaye kwamba maneno hayo yalimshangaza kuliko jambo lolote kwenye treni ile, pamoja na milango inayojifungua yenyewe. Katika kazi yake yote hakuwahi kuzitazama nyuso za abiria. Alijua vikombe vyao, mikono yao, viatu vyao. Alijua nani hunywa bila sukari. Lakini wakati wote wa kumimina, macho yake yalikuwa nje, yakisubiri kilima.

"Kuna mwalimu mmoja alipanda treni yetu kila mwezi kwa miaka," anasema. "Nilikutana naye sokoni akanisalimia, sikumjua. Alipoagiza chai kwenye kibanda, nikaona mkono wake unavyoshika kikombe, ndipo nikamwambia, 'Mwalimu!'"

Msimamizi aliketi, akawa abiria. Kona akamhudumia akimtazama usoni. Mara ya kwanza macho yalimponyoka yakaenda dirishani. Mara ya pili alimimina mpaka mwisho, na tenki la maji lilikuwa limeshapita bila yeye kujua.

"Umenipunja," alisema msimamizi akitazama kikombe.

"Hiyo ni robo tatu, mkuu. Robo ni ya dereva."

"Dereva wa treni hii hachukui kitu. Jaza."

Kona anasema kumiminia hiyo robo iliyobaki kulikuwa kugumu kuliko mengine yote. Mkono uligoma. Alimkumbuka Robo, akatabasamu, akajaza.

*

Ijumaa, behewa limejaa. Abiria wa majaribio ni watu wa kawaida walioalikwa kutoka mitaa ya karibu na stesheni, na wengi wao ni wazee, maana vijana siku za kazi hawana nafasi. Wamevaa nguo za kutokea. Wanapapasa viti, wanajaribu taa ndogo za mezani, wanaulizana bei ya tiketi.

Kona amepewa meza nne. Mikono yake imetulia. Macho yake yamenyooka kwa abiria kama mtu anayepigwa picha.

Meza ya dirishani amekaa bibi mwenye miwani mizito, peke yake. Kona anammiminia chai akimtazama. Bibi naye anamtazama.

"Mbona unanikodolea hivyo, mwanangu? Nina deni lako?"

"Hapana, mama. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Wamekufundisha vibaya. Nimejisikia kama nakuja kuposwa."

Kona anacheka, mkono unacheka naye, chai inatikisika hadi ukingoni lakini haivuki. Anapumua. Bibi anamuuliza kwao ni wapi, ana watoto wangapi, mkewe anafanya kazi gani. Akiambiwa msusi, anavua kilemba kidogo na kumwonyesha nywele zake, anauliza kama zinasukika. Kona anazitazama kwa makini, anasema zinasukika, tena vizuri. Kilima kipara kinapita nje katikati ya mazungumzo hayo, na bega lake halina habari.

Anahudumia meza ya pili, ya tatu, ya nne. Vijana kule kaunta wameacha kumtania. Mmoja anamnyooshea kidole gumba. Zimebaki dakika chache treni igeuze, na trei yake ni kavu.

Anarudi kwa bibi na birika, kumwongezea. Bibi hatazami tena kwake. Anatazama nje. Daraja la mawe la reli ya zamani linakaribia, lile lililokuwa mwanzo wa kona kali kuliko zote.

Bibi ananyanyua kikombe chake juu ya meza na kukishikilia.

Hakuna aliyemwambia. Kona anakitazama kile kikombe kilichoning'inia hewani, kimejaa mpaka juu, kikisubiri. Anasema hakuamua kufanya alichofanya. Kilitoka chenyewe, kwa sauti ile ile ya zamani, hadi vioo vikaitikia.

"Kona!"

Kwenye meza ya pili vikombe viwili vikapanda juu. Ya nne, vitatu. Mzee mmoja aliyekuwa akimweleza jirani yake habari za mgongo akanyanyua chake na kuendelea kueleza. Nusu ya behewa ilikaa vile, vikombe mkononi, wakingoja treni ilale.

Treni ikaenda mbele imenyooka kama rula.

Kilichofuata ni kicheko, na mwanzo wake ulikuwa kwa yule bibi. Alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. Wenye vikombe walitazamana, wakaona ni akina nani, wakaanza kuulizana kwa sauti: ulikuwa ukipandia wapi, unamkumbuka mpishi mfupi mwenye kelele? Unaikumbuka ile supu? Mwanamke mmoja alisema alikuwa msichana wakati ule, na zile biskuti za mtoto zilikuwa za mdogo wake. Vijana wa kaunta walibaki midomo wazi.

Kona alisimama katikati na birika, akiamini kazi imemponyoka.

Msimamizi alipita kati ya meza hadi alipo. Akatazama zulia. Akatazama kitambaa cha meza. Akatazama kifua cha Kona.

"Nilisema hakuna kupiga kelele behewani," alimwambia.

"Ulisema hakuna kumwaga, mkuu."

"Kumwaga hukumwaga," alikubali. Kisha akageuka upesi, na walio karibu wanasema aligeuka ili asionekane akicheka.

*

Sare mpya ni ya bluu iliyoiva, yenye vifungo vya fedha. Suruali ni ndefu kidogo, na Jumapili mchana mke wake amepiga magoti ukumbini, sindano mdomoni, akipima upindo. Ukuta bado una madoa ya maji.

"Bana miguu," anamwambia kwa midomo iliyofumbana. "Ukitanua nitakosea kipimo."

Kona anabana miguu na kusimama wima. Jirani, ambaye nywele zake zimeshakauka na kusukwa upya, amekuja kushuhudia, akikaa mbali kwa tahadhari.

Jumatatu anaanza safari ya asubuhi. Amepewa kazi hadi umri wa kustaafu, yaani miaka mitatu, kwa sharti moja lililosemwa kwa mdomo, kwamba lile neno lisisikike tena. Amelikubali, ingawa anasema yule bibi ameshauliza treni ya siku gani ni yake.

Anapoulizwa ana mipango gani kwa miaka hiyo mitatu, hataji mshahara, wala nyumba, wala shamba. Mke wake akimaliza mguu mmoja wa suruali, anamsogezea wa pili.

"Nataka nistaafu," anasema.

Jirani anaangua kicheko. "Hujaanza hata kazi, shemeji!"

"Sikiliza kwanza. Ile treni ya mwanzo ilituacha sisi. Hatukuagana na mtu. Hii nataka niiache mimi. Siku yangu ya mwisho nihudumie meza zote, nimwage ninachotaka kumwaga, halafu nishuke kwa miguu yangu, nisimame pale chini niipungie mkono mpaka ipotee."

Mke wake anatoa sindano mdomoni. Anakata uzi kwa meno, anaupapasa upindo, anaridhika nao.

"Haya," anamwambia. "Tembea tukuone."

Kona anatembea hadi mlango wa nyuma, anageuka, anarudi.